Pembe Ambazo ni Meno: Ushauri kwa Anayeanza Kazi ya Kutambua Mabaki ya Wanyama

Wewe unayeanza kazi ya kupanga mafuvu, kuandika lebo, kuandaa masomo ya elimuwanyama au kufasiri taarifa za uhifadhi kwa Kiswahili, ushauri wangu wa kwanza ni huu: unapoletewa kitu kirefu, cheupe na kilichopinda, usikimbilie kukipa jina. Kigeuze kwanza, ukitazame kitako chake, yaani upande ule uliokuwa umezama ndani ya mnyama. Ncha huvutia macho, lakini haisemi mengi, kwa kuwa pembe ya ng'ombe, chonge ya ngiri na pembe ya ndovu zote huishia kwenye ncha iliyochongoka na kung'aa kwa kusuguliwa. Kitako ndicho kinachoeleza kama kitu hicho kilikuwa jino lililoota katika tundu la taya, au ganda lililovika mfupa wa paji la uso, au kitu kilichoota juu ya ngozi bila mfupa ndani yake.

Nimeifanya kazi hii muda wa kutosha kuona kwamba makosa mengi ya wanaoanza huanzia kwenye jina kabla hata macho hayajafanya kazi. Kiswahili kina neno moja pana, pembe, linalobeba mambo ambayo sayansi huyatenganisha. Tunasema pembe za mbuzi, pembe ya kifaru na pembe za ndovu. Tunasema pembe ya chumba na pembe nne za dunia. Na darasani tunasema pembe kali, pembe butu na pembetatu. Hata chombo kinachopulizwa ili kuwaita watu huitwa pembe. Mzungumzaji hapati taabu yoyote, kwa sababu neno linafuata umbo: kitu kilichochomoza, kilichochongoka, au mahali pande mbili zinapokutana. Ni neno lenye mantiki yake na sioni sababu ya kulilaumu. Taabu huanza pale mtu anapochukua jina lililotolewa kwa kuangalia umbo, akalitumia kama ushahidi wa asili ya kitu.

Kwa ndovu, lugha imeacha milango miwili wazi. Katika taarifa za habari na za mahakama utakutana na pembe za ndovu, na utakutana na meno ya tembo, wakati mwingine katika ukurasa mmoja, na yote mawili ni kitu kilekile. Anayeorodhesha vielelezo anapaswa kulijua hili mapema, kwani nimewahi kuona orodha ambamo majina hayo yaliwekwa katika safu mbili tofauti, na jumla ikatoka kubwa kuliko mzigo uliokuwapo sakafuni. Kamusi za zamani zimehifadhi pia msamiati wa wafanyabiashara wa zama za misafara: buri ni pembe kubwa ya ndovu, na kalasha ni ile ndogo. Ukisoma hati za karne ya 19 na kukuta maneno hayo, fahamu kwamba yanapima ukubwa, na kwa hiyo thamani ya bidhaa. Hayasemi lolote kuhusu spishi, umri wala jinsia ya mnyama. Jozi nzito kuliko zote zinazojulikana, iliyotoka kwa ndovu aliyeuawa karibu na Kilimanjaro mwishoni mwa karne ya 19, imehifadhiwa Natural History Museum mjini London, na kila pembe ina uzito wa karibu kilo 100. Hizo ni buri kwa kila kipimo, na bado neno hilo halikuambii kwamba ulichoshika ni jino.

Usidhani kwamba mkanganyiko huu ni wa Kiswahili peke yake. Pliny, mwandishi wa Kirumi aliyefariki mwaka 79, anaeleza kwamba Juba, mfalme wa Mauretania, aliziita silaha za ndovu pembe, ilhali Herodotus, mwanahistoria Mgiriki aliyemtangulia kwa karne kadhaa, aliziita meno, na kwa maoni ya Pliny mwenyewe Herodotus na mazoea ya watu ndio waliokuwa na usahihi zaidi. Katika karne ya 2 Pausanias, Mgiriki aliyeandika juu ya nchi alizozitembelea, alirudi upande wa Juba na akatetea kwa nguvu kwamba ni pembe. Hoja zake zilikuwa za mtu makini. Alisema kwamba meno ya kiboko na ya nguruwe mwitu huota kutoka taya la chini, lakini yale ya ndovu hushuka kutoka juu kupitia panja. Tena alisema kwamba pembe za ndovu huweza kulainishwa kwa moto na kubadilishwa umbo, jambo ambalo kwa maoni yake haliwezekani kwa meno. Nawapa wanafunzi wangu hoja hizi mapema kabisa, kwa sababu Pausanias aliuliza swali linalostahili, yaani kitu hiki kinaota wapi, na akakosea kwa kuwa jibu limefichwa ndani sana.

Chukua fuvu la ndovu, ulitazame kutoka mbele, na utaelewa kilichompotosha. Matundu mawili makubwa ya pembe yanashuka kama mabomba mazito kutoka juu kabisa, karibu na usawa wa macho, na mtu asiyejua mifupa angeapa kwamba kinachotoka humo hakihusiani na mdomo. Lakini fuatisha mfupa wenyewe kwa kidole: ni mfupa wa mbele wa taya la juu, uleule unaoshika meno yetu ya mbele. Pembe za ndovu ni meno ya mbele ya pili ya taya la juu, moja kila upande. Takriban theluthi moja ya urefu wake imezama ndani ya fuvu, haionekani kwa mnyama aliye hai. Ndama huanza na vijino vya utotoni vyenye urefu wa sentimita chache tu, ambavyo hung'oka akiwa na umri wa takriban mwaka mmoja, kisha zile za kudumu huota mahali hapo na kuendelea kukua maisha yake yote. Ukijumlisha pembe hizo 2 na magego 24 yanayokuja kwa seti 6 zinazofuatana, ndovu ana meno 26 katika maisha yake. Ukiziacha pembe nje ya hesabu kwa sababu ya jina lake, hesabu yako haitawahi kulingana na ya kitabu chochote cha anatomia.

Sasa geuza pembe ile uangalie kitako. Utakuta uwazi wenye umbo la pia, mpana mdomoni na unaosinyaa kuelekea ndani hadi unakuwa kijitundu chembamba. Humo ndimo ilimokaa nyama laini yenye damu na neva, na kuta za uwazi huo ndiko dentini mpya, yaani tishu ngumu inayounda sehemu kubwa ya jino, ilikokuwa ikiongezwa tabaka juu ya tabaka. Mdomo wa kitako huwa mwembamba na dhaifu, wakati mwingine kama ganda la yai, ndiyo maana usishike pembe kwa kuingiza vidole ndani yake. Nje kuna gamba la sementi ya jino, lenye rangi ya hudhurungi au iliyopauka. Katikati yote ni dentini, ambayo ndiyo pembe ya ndovu kama bidhaa inavyojulikana duniani. Enameli, lile gamba gumu linalong'aa juu ya meno yetu, hufunika ncha tu ya jino jipya na huisha mapema kwa kusuguliwa. Kwenye ndovu aliyekomaa mara nyingi pembe moja ni fupi na butu kuliko nyingine, kwa kuwa ndovu hupendelea upande mmoja anapochimba au kubambua magome, na karibu na ncha unaweza kuona mfereji uliochimbwa na majani aliyoyapitisha mahali palepale mwaka baada ya mwaka. Usiuandike mfereji huo kama jeraha la kisu. Ni alama ya maisha ya mnyama, na kwangu alama kama hiyo ina thamani kubwa kuliko uzito wa kilo.

Linganisha na pembe ya ng'ombe, mbuzi au swala. Hapo kuna kiini cha mfupa kilichochomoza kutoka fuvu, na juu yake ganda la keratini, aina ileile ya protini inayounda kucha na nywele zetu. Mnyama akifa na fuvu likioza, ganda hilo huchomoka kama ala ya kisu na kubaki tupu ndani, na anayeanza huweza kuuona uwazi huo akadhani ni uwazi wa jino. Tofauti iko kwenye kuta: keratini hupasuka kwa tabaka na nyuzi, na kingo zake huchanika kama ukucha mkavu, dentini ni ngumu na hukatika kama kigae. Pembe ya kifaru haina kiini cha mfupa hata kidogo, ni keratini tupu iliyokaa juu ya sehemu ya mfupa iliyokwaruzika puani. Pembe za kulungu dume wa Ulaya na Asia nazo ni mfupa mtupu, hufunikwa na ngozi yenye manyoya zinapokua, kisha huanguka kila mwaka na kuota upya. Kwa hiyo neno letu moja linakusanya keratini juu ya mfupa, keratini peke yake, mfupa peke yake, na jino. Vitu vinne.

Hapa nakuomba ukae kidogo, kwa sababu jambo linalofuata linagusa uhai wa wanyama. Watu wengi wanaojua kwamba pembe za kulungu huanguka kila mwaka hudhani za ndovu nazo huokotwa porini baada ya kuanguka. Mtu anaweza kufikiri kwamba dawa ni kuacha neno pembe na kusema meno tu, lakini neno hilo nalo lina mtego wake. Kwa Kichina bidhaa hii huitwa meno ya ndovu, na utafiti wa maoni uliofanywa na IFAW, shirika la kimataifa la kutetea wanyama, mwaka 2007 ulionyesha kwamba karibu asilimia 70 ya Wachina walioulizwa hawakujua kuwa inatokana na ndovu waliokufa. Wengi walichukulia kwamba meno hung'oka na kuota mengine, kama yanavyofanya ya mtoto. China ilifunga biashara halali ya ndani ya pembe za ndovu mwishoni mwa mwaka 2017, lakini dhana hiyo haiko nchi moja. Basi kila unapoandika kwa ajili ya umma, jina lolote utakalochagua, ongeza sentensi moja inayosema waziwazi: pembe za kudumu za ndovu hazianguki zenyewe wala hazibadilishwi na nyingine, theluthi yake imo ndani ya fuvu, na anayeitaka yote huipata kwa kupasua uso wa mnyama aliyekufa. Usiipambe sentensi hiyo. Iache kavu.

Tukija kwa wanyama wengine, nakushauri ulizoee neno chonge kuliko neno jingine lolote. Chonge ni jino lililochongoka lililo kati ya meno ya mbele na magego, na mengi ya meno marefu yanayotokeza nje ya mdomo ni chonge. Ukilitumia, nusu ya kazi ya lebo imekwisha.

Kiboko ana meno ya aina mbili yanayofika mezani kwetu, na huchanganywa mara kwa mara. Chonge za taya la chini zimepinda kama upinde, mkato wake unakaribia umbo la pembetatu, zina enameli ngumu yenye mifereji ya urefu, na huweza kuzidi nusu mita. Meno yake ya mbele ya chini yamenyooka kama vigingi na mkato wake unakaribia kuwa duara. Ukitazama sehemu iliyokatwa, chonge huonyesha katikati mstari uliopinda pale uwazi ulipofunga, na jino la mbele huonyesha nukta. Dentini ya kiboko imeshikana kuliko ya ndovu na haigeuki manjano upesi, ndiyo sababu mafundi wa zamani waliitumia kutengenezea meno ya bandia. Seti aliyotengenezewa George Washington mwaka 1789 ilichongwa kutoka kwenye jino la kiboko, ingawa watu wengi bado husimulia kwamba ilikuwa ya mti.

Kwa ngiri, tafuta fuvu ambalo taya lake la chini bado lipo, ulifungue na kulifunga polepole kwa mikono yako. Chonge za juu ndizo kubwa na zilizopinda kwa fahari, lakini ncha zake zimekuwa butu kwa matumizi na haziwezi kukata sana. Zile za chini, fupi na zisizotazamwa na mtu, husugua ubavu wa zile za juu kila mdomo unapofunguka na kufungwa, na msuguano huo huzinoa zikawa na makali halisi. Utauona uso ulionolewa: bapa, laini, unaoakisi mwanga. Hilo peke yake linatosha kukuonyesha kuwa vitu hivi ni meno, kwani hakuna pembe ya kichwani inayofunga na mwenzake namna hiyo. Kuna jamaa wa nguruwe katika kisiwa cha Sulawesi na visiwa vya jirani, aitwaye babirusa, ambaye matundu ya chonge za juu za dume yamegeukia juu, hivyo meno hutoboa ngozi ya pua na kujikunja kuelekea paji la uso. Aliyemwona kwa picha tu ataziita pembe bila kusita, na hata mimi sioni ajabu. Fuvu lake ndilo linalomaliza ubishi.

Walarasi, mnyama wa bahari za kaskazini zenye barafu, ana chonge mbili za juu zinazoshuka hadi karibu mita moja, kwa madume na majike. Alama yake haikosewi ukishaiona: katikati ya dentini ya kawaida kuna dentini ya pili yenye madoa mviringo yaliyosongamana, kana kwamba nafaka zimemwagwa ndani ya maziwa yaliyoganda. Vipande vya sataranji vilivyopatikana mwaka 1831 katika kisiwa cha Lewis, Scotland, vilivyochongwa karne ya 12, vingi ni vya chonge za walarasi, na ukitazama migongo ya baadhi yake utaona mafundi walivyojitahidi kuiepusha sehemu hiyo yenye madoa isitokee upande wa uso.

Nyangumi mdogo aitwaye narwali ndiye ninayempenda kufundishia. Dume huwa na chonge moja ya kushoto iliyotoboa mdomo wa juu, iliyosokotwa kama kamba kuelekea kushoto, yenye urefu wa zaidi ya mita 2 na wakati mwingine karibu 3. Kwa karne nyingi Ulaya iliyanunua meno haya kwa bei kubwa kama pembe za farasi wa hadithi mwenye pembe moja, hadi Ole Worm, tabibu wa Denmark, alipoeleza mwaka 1638 kwamba yanatoka kwa nyangumi. Jina lake la kisayansi, Monodon monoceros, alilopewa na Linnaeus mwaka 1758, lina maana ya mwenye jino moja, mwenye pembe moja. Majina yote mawili yako hapo, moja la asili na moja la umbo, yameandikwa bega kwa bega.

Nguva dume na pimbi sitawasemea kwa kirefu, ila usiwasahau: wote wawili ni wa ukoo unaokaribiana na ndovu, na kwao pia meno yanayochomoza ni ya mbele, si chonge. Kuna pia wataalamu wa visukuku wanaobana maana zaidi, wakisema kwamba jino halistahili kuhesabiwa katika kundi hili la meno kama ya ndovu mpaka lichomoze nje ya mdomo, likue maisha yote na liwe dentini bila enameli. Kwa kipimo hicho kiboko na ngiri huanza kuwekewa alama ya kuuliza, na wanaopokelewa ni pamoja na baadhi ya disinodonti, viumbe walioishi zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, kabla ya mamalia wa leo kuwapo. Katika kazi ya kila siku maana pana inatosha, lakini unaposoma makala ya kisayansi angalia kwanza mwandishi anatumia ipi.

Sehemu inayohitaji subira kubwa ni kutofautisha pembe ya ndovu aliye hai leo na ya mamothi, jamaa yake aliyetoweka. Kwenye mkato wa wote wawili, karibu na ukingo wa nje, utaona mistari miembamba inayopishana kama msuko wa mkeka. Huitwa mistari ya Schreger, kwa jina la Bernhard Schreger aliyeieleza mwaka 1800. Safisha uso uliokwisha kukatwa, uweke taa pembeni ili mwanga upite kwa kulala, piga picha, kisha pima pembe za makutano hayo kwa kipimapembe, ukichagua yaliyo karibu kabisa na sementi, kwa sababu yale ya ndani hupungua hadi kukupotosha. Makutano ya nje yenye wastani wa zaidi ya nyuzi 115 ni ya ndovu. Yenye wastani chini ya nyuzi 90 ni ya mamothi. Yaliyo katikati yasikulazimishe kuamua, peleka kipande maabara. Hapa ndipo neno letu linapokutega mara mbili katika sentensi moja, kwani unaandika habari za pembe za mistari ndani ya pembe ya mnyama. Kwenye ripoti andika nyuzi za makutano kwa upande wa kipimo, na uache neno pembe libaki kwa kitu chenyewe.

Mfupa utautambua kwa vidoadoa na vistari vyeusi vya mifereji iliyopitisha damu, vinavyoonekana kwa lenzi ya mkononi. Dentini haina hivyo. Mbegu ngumu za mitende ya tagua ya Amerika Kusini huigiza rangi vizuri, lakini ukubwa wake ni mdogo na mistari ya Schreger haimo. Plastiki huwa na mistari iliyo sawa kupita kiasi. Wapo watakaokufundisha kuchoma kipande kwa sindano ya moto ili kunusa harufu. Usifanye hivyo kamwe, kwa sababu alama ile haifutiki na jibu lake si la kutegemewa.

Jina hubeba pia uzito wa sheria, na sisemi hivyo kwa kutia chumvi. Chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ulioanza kutumika mwaka 1975, tembo wa Asia yumo katika Kiambatisho cha I, chenye masharti makali kuliko cha II, na wa Afrika alipandishwa humo kwa uamuzi wa mwaka 1989, isipokuwa makundi ya Botswana, Namibia, Zimbabwe na Afrika Kusini yaliyorudishwa baadaye Kiambatisho cha II kwa masharti. Kiboko na narwali wamo Kiambatisho cha II, babirusa yumo cha I, na ngiri hayumo kabisa, wala mamothi. Unaona basi kwamba maneno "pembe moja, nyeupe" hayamsaidii afisa yeyote, na kwamba kuandika mamothi pale palipostahili ndovu ni kumfungulia mlango msafirishaji haramu. Kama hujathibitisha spishi, andika kwamba haijathibitishwa. Lebo yenye pengo la kweli ni bora kuliko lebo iliyojaa dhana.

Ipo pia habari ya ndovu wasio na pembe, ambayo kila anayeanza anapaswa kuijua. Kwa tembo wa Asia majike kwa kawaida hawana pembe ndefu, na hata madume si wote walio nazo. Kwa hiyo fuvu lisilo na pembe si lazima liwe limeibiwa. Katika Hifadhi ya Gorongosa, Msumbiji, wakati wa vita vya mwaka 1977 hadi 1992 ndovu waliwindwa hadi idadi yao ikashuka kwa zaidi ya asilimia 90, na majike waliozaliwa bila pembe, ambao wawindaji hawakuwa na haja nao, ndio waliobaki kwa wingi: sehemu yao iliongezeka kutoka asilimia 18.5 hadi 50.9. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulilihusisha jambo hilo na kromosomu X, na mojawapo ya jeni zilizotajwa ni AMELX, inayoshiriki kuunda enameli. Kwa binadamu kasoro katika eneo hilo huhusishwa na wanawake kukosa ukuaji kamili wa meno ya mbele ya pembeni ya taya la juu, yaani meno yaleyale ambayo kwa ndovu huwa pembe. Sijui uthibitisho unaoingia moyoni zaidi ya huo kwamba kitu hiki ni jino, na kwamba kinarithiwa, na kwamba bunduki zinaweza kukiondoa katika ukoo mzima.

Kuhusu lebo zenyewe, msimamo wangu ni huu. Kwa ndovu endelea kuandika pembe ya ndovu, kwa maana watu wanaijua na hakuna faida ya kuwavunjia lugha, ila mstari wa pili useme jino la mbele la taya la juu, kulia au kushoto. Kwa kiboko, ngiri, babirusa, walarasi na narwali andika chonge, au jino la mbele inapostahili, na utaje taya. Neno pembe bila maelezo libaki kwa wale wenye keratini au mfupa kichwani. Kisha andika urefu kwa kufuata mpindo wa nje, mzingo mahali mdomo wa mnyama ulipoishia, kina cha uwazi wa kitako, uzito, na mfereji au mvunjiko wowote uliouona. Usiandike bei.

Dentini hunywa unyevu na kuurudisha, na kila mabadiliko ya ghafla huipasua kwa tabaka kuanzia kitakoni. Weka vitu hivi mbali na dirisha, taa za moto na ukuta unaopata jua, visioshwe kwa kuvilowesha majini, na vishikwe kwa glovu safi, kwa kuwa mafuta ya mikono huacha madoa yasiyotoka. Vile vilivyokwisha kupasuka visiunganishwe kwa gundi ya kawaida. Vipande vyote vikae pamoja katika kisanduku kimoja, kila kimoja na namba yake, mpaka mtaalamu wa uhifadhi wa vielelezo avione.